Uji wa Fundi

Mkwe wangu akirudi kutoka kazini, jambo la kwanza ni kukaa. Hasalimii, hanywi maji, hata mkoba hautui begani. Anakaa kwenye kigoda kilicho nyuma ya mlango, anaegemeza kichwa ukutani, anafumba macho. Pale kichwa kinapoegemea rangi ilishabanduka, pamebaki duara la saruji tupu kama sahani. Mimi ndiye ninayemvua viatu. Miguu yake huwa imevimba mpaka viatu vinagoma kutoka. Kuna siku nilivipaka sabuni nikavuta kwa nguvu zangu zote, kimoja kikafyatuka, kikapita dirishani, kikamkosakosa kuku wa jirani, na kuku kwa mshtuko akataga mayai mawili papo hapo. Ukitaka kubisha, bisha. Kuku mwenyewe alikuwa jogoo.

Ni mke wa mwanangu, na kazi yake ni kufua na kupiga pasi shuka kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba arobaini na kitu. Miaka kumi na mmoja sasa. Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, kina dirisha moja dogo na mashine mbili, moja nzima, nyingine ya kuwekea ndoo juu yake. Humo ndani mvuke haupungui. Nilimpelekea dawa ya kichwa siku moja, nikakaa nusu saa tu, nikatoka makunyanzi yangu yamenyooka, wazee wenzangu hawakunitambua kwa siku mbili.

Msimamizi wao wanamwita Bi Uzi, na jina hilo kalipata kwa haki. Kila chumba kina uzi wake, umeshonwa kwenye pembe ya shuka: mwekundu mishono miwili ni chumba fulani, bluu mishono mitano ni chumba kingine. Doa likionekana, kabla hata shuka haijarowekwa, Bi Uzi anaishika pembe, anaiinua kwenye mwanga na kuuliza, "Chumba gani?" Mpaka chumba kijulikane, na mgeni wake ajulikane, hapo ndipo maji yatamwagwa. Na kuna sheria yake nyingine: kila kitanda kina shuka mbili, ya chini na ya juu, wao wanaziita pacha. Moja ikichafuka, zote mbili zinaingia majini, hata kama ya pili inang'aa kama meno ya mtoto. Ukifua moja tu, utamsikia mpaka barabarani: "Pacha yake iko wapi?"

Mtu akiulizwa "chumba gani" miaka kumi na mmoja, swali linamwingia kwenye mifupa. Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Maji yakimwagika sebuleni, mkwe wangu hafuti kwanza. Anasimama, anayatazama, anauliza, "Nani?" Mimi nasema ni paka. Hatuna paka.

Mwanangu sasa. Anaitwa Fundi na kila mtu, mkewe na mimi tukiwa miongoni mwao. Anatandika vigae. Magoti yake yameota ngozi ngumu kama kisigino. Kazi zake ziko mbali, anaondoka wiki mbili, wiki tatu, anarudi na mfuko wa nguo zilizojaa vumbi la saruji, analala siku nzima. Maneno hana. Nadhani nilipokuwa na mimba yake niliyatumia yote mimi. Wajukuu zangu wawili, wasichana, wako shule ya bweni. Kwa hiyo nyumba yetu ni vyumba viwili na watu watatu waliochoka, na mmoja kati yao, yaani mimi, amechoka kwa kukaa tu.

Shida ilianza kimyakimya. Niliona mkwe wangu anakaa kigodani kwa upande mmoja wa kiuno, kama mtu aliyekalia ufunguo. Nikaona anabeba beseni la maji kwenda bafuni asubuhi, jioni, na tena kabla ya kulala. Nikadhani ni joto la kazini. Baadaye sana ndipo aliponiambia yote. Alikuwa anawashwa sehemu za siri mpaka machozi yanamtoka, akikojoa panachoma, na kuna uchafu uliokuwa unamtoka, wa rangi ya manjano inayokaribia kijani, wenye povu, na harufu yake ilimfanya akae mbali na wenzake wakati wa chakula.

Yeye ni dobi, na alifikiri kama dobi. Kwake hilo lilikuwa doa, na doa kubwa linataka sabuni kali. Akaanza na sabuni ya mche. Haikufaa, akaenda kwenye sabuni ya unga. Kisha siki. Mwisho akachukua kijiko kimoja cha ile dawa ya kung'arisha shuka, akaitia kwenye beseni, akakalia maji yake. Siku hiyo nilisikia mlio bafuni nikauliza kulikoni. Akasema ameteleza.

Hakukoma mpaka akawa anaungua ndani na nje. Ndipo akamwomba Bi Uzi nusu siku. "Unaumwa nini?" "Tumbo." "Tumbo lako linatembea hivyo?" Bi Uzi hana adabu lakini ana macho. Akampa siku nzima.

Kituo cha afya kilikuwa na foleni ya kutosha kujenga ukuta. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka. Zamu yake ilipofika alikutana na mama wa maabara, mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, asiyependa kupoteza muda. Alimchukua kipimo, akaweka tone moja kwenye kioo chembamba na papo hapo akainamia darubini.

"Hawa hawasubiri," alimwambia. "Wakipoa wanatulia, na wakitulia siwaoni. Aha. Hawa hapa."

"Kina nani?"

"Vijidudu. Trikomonasi. Wadogo kiasi kwamba jicho tupu haliwaoni. Unao, mama, na ni ugonjwa wa watu wengi sana, basi usinitolee macho hivyo."

Mkwe wangu aliuliza swali lake lile. "Wametoka wapi? Kwenye shuka? Mimi nafua shuka za wageni."

Mama wa maabara alivua miwani. Nadhani aliona jinsi anavyotaka jibu liwe ndiyo. "Si kwenye shuka, mama. Si chooni wala kwenye taulo. Huyu anapita kwa kujamiiana. Nje ya mwili hana maisha."

"Basi ni nani kaleta?"

"Hilo darubini haijui. Mtu anaweza kukaa naye miezi, hata miaka, asione dalili yoyote. Wanaume wengi ndio hivyo, hawasikii kitu kabisa. Anaweza kuwa wa jana, anaweza kuwa wa kabla hamjaoana. Ukianza kumtafuta wa kwanza utavunja nyumba na bado hutampata."

Akampa pakiti mbili. Ya kwanza yake mwenyewe, kidonge asubuhi na jioni kwa siku saba. Ya pili ya mume, vidonge vinne vinavyomezwa kwa mara moja. Akamwambia wasikutane kimwili mpaka wote wawili wawe wamemaliza, wiki imepita na dalili zimekwisha. Wasiguse pombe. Arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena, kwa sababu vijidudu hivi vina tabia ya kurudi. Na ile sabuni, siki na dawa ya shuka, aache leo hii. "Huko ndani kunajisafisha kwenyewe. Wewe unakuchubua tu. Shuka ina pamba, wewe una ngozi." Walimpima na virusi vya ukimwi pia, maana mwenye vijidudu hivi anaambukizwa virusi hivyo kwa urahisi zaidi. Hakuwa navyo.

Akarudi nyumbani, akakaa kigodani, nikamvua viatu.

Kumwambia Fundi hakuweza. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, aliniambia, "Mama, anayekwenda hospitali ndiye anayeonekana mgonjwa. Na mgonjwa ndiye aliyeleta. Ningemwambia nini? Yeye haumwi popote." Na kweli, kulikuwa na mwashi mwenzake Fundi aliyemtoa mkewe nje na masanduku kwa jambo la namna hiyo, na Fundi aliporudi kutoka huko alilisimulia mezani bila kusema kama lilikuwa baya au zuri.

Basi akapanga njia yake. Fundi alikuwa aondoke Jumatatu asubuhi kwenda kazi ya wiki tatu. Hiyo ingewaweka mbali wakati dawa inafanya kazi, bila yeye kutoa sababu. Asubuhi hiyo alisaga vile vidonge vinne kwa mgongo wa kijiko, akavitia kwenye kikombe cha uji wa mumewe, akaweka sukari vijiko sita na tangawizi nyingi kuua uchungu. Akafunika kwa kisosi. "Kunywa uji wote," alimwambia. "Nitakunywa," Fundi alijibu huku anafunga mfuko. Mkwe wangu akawahi kazini, maana mashine yao huwashwa kabla ya kuku kushuka.

Mimi nilikuwa chumbani kwangu nasikiliza. Nilisikia gari la kazi linapiga honi. Nikasikia Fundi anakimbia. Mlango ukafungwa.

Nikatoka. Kikombe kilikuwa pale mezani, kimefunikwa, kina joto, hakijaguswa.

Niseme ukweli: huo haukuwa uji wangu wa kwanza kuiba. Fundi akichelewa, uji wake huwa wangu. Nikafunua. Harufu ya tangawizi ikanipiga usoni. Nikaonja, utamu wa kutisha, na chini yake uchungu mmoja ambao sijawahi kuujua. Nikacheka peke yangu. Nilijua mara moja ni nini. Mkwe wangu anampa mume wake dawa ya nguvu! Nikajiambia, mbona mimi mwenye umri huu ndiye ninayehitaji nguvu zaidi? Nikaupiga wote. Chini kulikuwa na chengachenga nyeupe, nikazikwangua kwa kidole. Kisha nikaosha kikombe, nikakigeuza juu ya meza, nikapangusa mdomo.

Mkwe wangu aliporudi jioni alikiona kikombe kimegeuzwa. Alikitazama muda mrefu. Halafu akakaa kigodani, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akapumua mpaka tumboni.

Mimi nilikuwa naona nyota. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka, na mdomoni kulikuwa na ladha ya chuma kama nimelamba kufuli. Kesho yake mkojo wangu ulikuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Nikasema hii nguvu ni kali. Lakini ningesemaje kuwa naumwa kwa uji wa wizi? Nikageuza kuwa hadithi. Wakati wa kula nikamwambia, "Leo nimegeuka chuma. Nikitema mate, misumari inayafuata."

"Hata mimi mdomo wangu una chuma, Mama," alisema, macho yamefumba.

"Na mkojo wangu unaweza kuandikia barua."

Alicheka kidogo, kwa pua. Angekuwa mtu mwingine amesema hayo, angeshtuka. Lakini nilikuwa mimi, na mimi ni wa jogoo aliyetaga.

Wiki tatu zikapita. Fundi akarudi, akalala siku yake nzima, akaamka, nyumba ikaendelea. Mkwe wangu alikuwa amepona. Alikaa kigodani sawasawa, pande zote mbili. Alikuwa bado amechoka, lakini ni ule uchovu wa miguu, usio na siri ndani yake. Fundi akakaa wiki mbili kisha akaondoka tena.

Halafu siku moja mkwe wangu alirudi kutoka kazini na hakukaa.

Alipita kigoda kama vile hakipo. Akaenda chumbani na viatu vyake, akateremsha sanduku lililokuwa juu ya kabati. Nilimkuta anakunja nguo zake jinsi wanavyokunja shuka kule kazini, pembe kwa pembe, anapiga kiganja juu kila mkunjo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Kuna msiba?"

"Nimekipata chumba, Mama."

Ndipo nilipoyasikia yote, kwa mara ya kwanza, yeye akikunja na mimi nikiwa nimeshika mlango. Kuwashwa kumerudi. Uchafu umerudi na povu lake. Alinieleza benchi, darubini, pakiti mbili. "Mara ya kwanza niliambiwa nisitafute aliyeleta, nikakubali. Nilichoka, nikasema sawa, ni wa zamani, huenda ni mimi, huenda ni yeye. Lakini mimi nilimaliza dawa yangu. Na yeye alimaliza yake, nilimtilia kwenye uji. Wote tulikuwa safi. Sasa huyu ametoka wapi? Mimi nakwenda kazini na kurudi. Yeye ndiye anayekaa huko wiki tatu. Uzi huu hapa, Mama, nimeushika mkononi."

Nilihisi ule uji unanirudi kooni, pamoja na tangawizi yake.

"Mwanangu," nikasema, "acha hilo gauni. Ule uji Fundi hakuunywa."

"Alikunywa. Kikombe kilikuwa kimeoshwa."

"Nilikiosha mimi. Niliunywa mimi."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, na nimetazamwa na watu wengi wenye sababu. "Mama, leo usinitungie. Nakuomba. Siku zote nakuacha, leo usinitungie. Ni mwanao, najua unataka kumfichia."

"Simfichii. Gari lilipiga honi, akakimbia."

"Na jogoo akataga."

Hapo nilijiona. Miaka yote nimewachekesha watu, na siku moja tu ninayohitaji kuaminiwa sina hata neno moja zima mfukoni. Yeye akaendelea kukunja. Sanduku lilikuwa limefika nusu.

"Kisosi," nikasema. "Ulifunika kwa kile chenye ufa. Ulikigeuza, upande wa chini ukawa juu."

Mkono wake ukasimama.

"Fundi angeweza kukuambia hayo," alisema, lakini pole pole.

"Fundi asingeweza kuniambia kilichokuwa chini kabisa ndani ya kikombe. Chengachenga nyeupe, hazikuyeyuka. Nilizikwangua kwa kidole. Nilidhani ni dawa ya nguvu za kiume, Mungu anisamehe, nikasema na mimi nipate. Na ile misumari? Nilipokuambia mdomo wangu una chuma, wewe ukasema na wako. Ulikuwa unakula dawa gani wewe siku zile?"

Nilimwona usoni anahesabu siku.

"Na mkojo," nikasema. "Ule wa kuandikia barua."

"Na wangu ulikuwa hivyo," akasema taratibu. "Mama wa maabara aliniambia nisiogope, ni dawa."

Akatoka chumbani. Akaenda kwenye kigoda chake, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye lile duara. Nilingoja anitukane, nilistahili. Badala yake akacheka, kicheko kisicho na nguvu, kama maji ya mwisho kwenye bomba, na katikati kikageuka kilio.

"Kwa hiyo bado sijui," alisema.

"Hujui."

"Siwezi kujua."

"Na mimi sijui. Ni mwanangu, lakini siapi kwa ajili yake. Huko anakokwenda mimi sipo. Ninachojua ni kwamba hakuunywa ule uji."

"Nimechoka, Mama."

"Najua. Lete mguu."

Kesho yake tulikwenda wote wawili kituoni. Tulikaa benchi lile lile, na mama wa maabara alipotuona alisema, "Umerudi kabla ya miezi mitatu," bila kulaumu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Akachukua kipimo, akakikimbiza kwenye darubini.

"Nione na mimi," nikasema.

"Bibi, hii si sinema."

"Mimi nimeshakunywa dawa yao. Nina haki ya kuwaona."

Ikabidi tumweleze. Alicheka mpaka kamba ya miwani ikamtoka shingoni, kisha akawa mkali ghafla. Alitugombeza wote wawili. Dawa haifichwi kwenye chakula cha mtu. Ingekuwaje kama amekunywa pombe, ingekuwaje kama ana dawa nyingine anayotumia? Na mimi ningeweza kujidhuru. Akanithibitishia kwamba ile ladha ya chuma na mkojo mweusi ni mambo ya dawa hiyo. Nilimwomba arudie kwa sauti ili mkwe wangu asikie. Akarudia.

Halafu akaniachia darubini. Mimi sijui kusoma hata jina langu, lakini nilisoma pale. Kulikuwa na mduara wa mwanga, na ndani yake vijitu vya umbo la mbegu ya papai iliyochongoka, kila kimoja kina vijinywele kichwani, vinatetemeka na kujizungusha kama watu wanaotafuta mlango gizani. Walikuwa wengi. Hawana uso, hawana jina. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha cha kusimulia mtaani, na sikuona chochote cha kukuza. Nikampisha mkwe wangu.

Aliangalia kidogo. "Hawana uzi," alisema.

"Hawana nini?" mama wa maabara akauliza.

"Si kitu. Nipe dawa, yangu na ya mume wangu."

Fundi alirudi Jumamosi mchana. Tulimwacha aoge, tulimwacha ale. Kisha mkwe wangu akaweka mezani kisosi kile chenye ufa, na juu yake vidonge vinne, na pembeni glasi ya maji. Mimi nilijidai nachambua mchele.

"Nini hiki?" Fundi akauliza.

Akamwambia. Hakuzunguka, hakulia. Alimwambia mdudu, benchi, uji, na kwamba uji ule niliunywa mimi. Fundi alinigeukia.

"Mama?"

"Wana umbo la mbegu ya papai," nikasema. "Nimewaona."

"Mama, umeanza."

"Leo hasemi uongo," mkwe wangu akamwambia.

Fundi akavitazama vile vidonge. "Mimi siumwi kitu. Wewe ndiye unayeumwa. Umeleta nini nyumbani kwangu?"

Nilishika sinia la mchele kwa nguvu. Sanduku lilikuwa bado chini ya kitanda, nusu limejaa, hakuwa amezitoa nguo. Alikuwa ameniambia: akimeza, nguo nazirudisha kabatini, asipomeza, namalizia kufungasha.

"Kazini kwangu," mkwe wangu alisema, "doa likitokea tunauliza chumba gani. Nimeuliza hilo swali miaka kumi na mmoja. Na mimi naweza kukuuliza. Nilikuwa nimeshakuuliza na kujijibu, na sanduku nimefungasha, na nilikuwa nimekosea. Sasa sikuulizi, Fundi, na wewe usiniulize. Hakuna atakayejua. Lakini shuka mbili za kitanda kimoja haziwezi kufuliwa moja. Nimefua moja mara ya kwanza, unaona tulipofika. Sina nguvu ya kufua tena peke yangu. Kunywa, au niambie hutaki, nijue."

Sauti haikupanda hata kidogo. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua, na nadhani hilo ndilo lililomshinda Fundi. Angepiga kelele, naye angepiga. Uchovu hauna pa kuushikia.

Alikaa. Alipangusa magoti yake, kwanza moja, kisha la pili, kama vile kuna vumbi. Akachukua kidonge cha kwanza, akameza. Cha pili kikamkwama, akakunja uso.

"Kichungu."

"Na sukari vijiko sita bado kilikuwa kichungu," nikasema. "Mimi sikulalamika."

Hakucheka. Akameza cha tatu na cha nne, akamaliza maji, akatoka akakaa nje kwenye ngazi mpaka jioni. Hakusema ni yeye. Hakusema si yeye. Siku ile nilitamani mwanangu awe na maneno zaidi, na siku ile ile nilishukuru hana.

Mkwe wangu alianza dawa yake siku hiyo hiyo. Fundi alilala sebuleni kwenye mkeka, wiki nzima na siku kadhaa juu. Walikuwa wanasalimiana kama wapangaji. Jumapili mkwe wangu alivuta sanduku, akazitoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini. Hakuzifungua mikunjo.

Baada ya miezi mitatu walikwenda kituoni wote wawili. Fundi alikuwa amechelewesha safari ya kazi siku moja bila kuambiwa na mtu. Nilibaki nyumbani, basi haya nayasimulia kama nilivyosimuliwa, na kwa mara hii moja sitaongeza kitu. Mama wa maabara aliinamia darubini, akaangalia, akasogeza kioo, akaangalia tena. "Hamna mtu humu," alisema. "Kumekwisha." Mkwe wangu hakushangilia. Alirudi kwenye benchi la nje, akaegemeza kichwa ukutani, akalala hapo hapo, watu wakipita na makaratasi yao. Fundi alikaa pembeni yake mpaka alipoamka mwenyewe.

Bado anafua. Bado Bi Uzi anauliza chumba gani, na yeye anajibu, ndiyo kazi. Nyumbani maji yakimwagika sasa anafuta. Mara moja moja namwona amesimama anamtazama Fundi aliyelala, kwa muda mrefu, kama anatafuta kitu kwenye pembe. Halafu anaacha.

Jioni moja Fundi alikuwepo mkewe aliporudi. Nilianza kunyanyuka kwenda kigodani, magoti yangu yakalia. Fundi akanizuia kwa mkono, akapiga magoti yake yale magumu sakafuni mbele ya mkewe, akafungua kamba za kiatu. Mkwe wangu alifumbua jicho moja, akaona ni nani, akalifumba. Kiatu kilitoka taratibu, na jogoo wa jirani hakutaga kitu.